Wa Alhamisi

Saa kumi jioni nakalia kiti chenye mguu mmoja mfupi,
daftari la kliniki wazi, kalamu imefungwa uzi mezani isiibwe,
napiga namba ya kumi na moja:
Koplo mstaafu Mahona, Mabatini, kule juu kwenye mawe.

"Mwadila, afande."
Ananiita afande, mimi muuguzi niliyezaliwa
mwaka ule alipokula kiapo.
Nyuma yake watoto wanaburuta madumu ya maji,
redio ya jirani inataja bei ya dagaa wa Mwaloni,
na ipo pumzi yake, ambayo nimejifunza kuisoma
kama watu wa Kirumba wanavyosoma mawingu upande wa Ukerewe.

Fomu inauliza: Umelala saa ngapi usiku?
Yeye: Usiku unalala. Mimi nalinda.
Fomu inauliza: Wiki hii umekunywa mara ngapi?
Yeye: Maji?
Tunacheka. Fomu haina kisanduku cha kicheko.
Naandika pembeni kwa herufi ndogo: amecheka.

Analinda ghala la minofu ya sangara, Igogo.
Ilichukua miezi mitatu kuniambia
kwamba mtambo wa barafu ukinguruma, yeye mzima.
Umeme ukikatika, kimya kinamrudisha Kongo,
chini ya lile lori, na Bwire akiomba maji
kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.
Hapo chupa ya gongo hutoka mfukoni yenyewe
kama kuruta aliyesikia jina lake.
Sikuandika kitu. Nilisema: Nipo.
Akasema: Najua, ila uko mchana.
Salio likaisha.

Kisha Alhamisi moja, mteja hapatikani kwa sasa.
Nikapiga tena. Hapatikani.
Nikapiga kabla ya kufunga mlango, nikiwa nimesimama,
mkoba begani.

Alhamisi iliyofuata ikapokewa na mwanamke.
"Simu iko rehani kwangu. Elfu nane.
Wewe ndiye mkewe?"
Hapana, mama. Mimi ni wa Alhamisi.
"Aa. Wa Alhamisi,"
kana kwamba nilishawahi kukaribishwa pale, nikapewa kigoda.

Ng'washi, muuza gongo. Nilimchukia kwa sekunde nne hivi.
Halafu nikasikia kandambili zake zikipanda mawe,
akihema, akisimama, akiwatukana mbuzi wa mtu,
akigonga bati kwa kiganja:
"Mzee, amka. Yule binti wa dawa huyu hapa."
Akamshikia simu sikioni
kwa mkono uleule unaompimia kibaba.
Dakika sita sikusikia neno, ila pumzi mbili,
moja ya kulia, na nyingine ya mwanamke
anayejifanya hasikilizi.

Hiyo sijui niiandike wapi.
Msimamizi aliuliza kwa nini namba kumi na moja
imekula vocha ya watu watatu.
Nikasema mtandao, milimani pale, unasumbua.

Simu ilirudi kwa mwenyewe, elfu tatu bado anadaiwa.
Nikampa namba yangu ya nyumbani, jambo lililokatazwa.
Tukapatana: akibipu mara moja,
hesabu kamili, afande, nimevuka.
Mara mbili: nipigie, usiulize kitu.

Jana usiku umeme ulikatika Nyegezi hadi Pasiansi.
Nililala macho chini ya chandarua, simu kifuani,
nikifikiria ule mtambo wa barafu umenyamaza,
barafu inaanza kudondoka tone, tone,
kwenye sakafu ya ghala, na yeye na tochi yake.
Mbwa wa Bugarika wakabweka mpaka wakachoka.

Saa tisa na dakika kadhaa ikalia.
Mara moja.
Ikakata.

Nikakikodolea kioo hadi kikazima.
Sijawahi kuomba simu isilie
kama nilivyoomba.